Morgan Plus Four: Gari la Mashindano Kutoka Malvern Kwenye Barabara za Uganda

Tuanze na uamuzi, kwa sababu mtu anayefikiria kuagiza gari la pauni zaidi ya 60,000 hana haja ya kuzungushwa. Morgan Plus Four, lile lililoanza kutoka kiwandani mwaka 2020, linafaa kuendeshwa Uganda na mtu anayeishi karibu na lami na mwenye mahali pakavu pa kuliegesha. Plus 4 la kabla yake, lenye chesisi ya chuma, lina ladha zaidi barabarani na kazi zaidi gereji, na asilinunue mtu ambaye hajalala chini yake na tochi. Majina yanakaribiana mno, na wauzaji wa mitandaoni huyachanganya. Tazama mwaka na injini kabla ya kutazama rangi.

Ili kuelewa kwa nini magari haya yameundwa hivi, inabidi kurudi kwenye mashindano, kwani kila kitu kigeni utakachokiona chini ya Morgan kilianzia huko. H.F.S. Morgan aliunda gari lake la kwanza mwaka 1909 huko Malvern Link, Uingereza. Lilikuwa na magurudumu matatu, fremu ya mabomba na injini ndogo ya silinda mbili mbele kabisa. Desemba 1910 alipeleka gari lake kwenye jaribio la London hadi Exeter, safari ya usiku na mchana katika matope ya majira ya baridi, akarudi na medali ya dhahabu. Mashindano ya namna hiyo hayakumtafuta mwenye mbio kuliko wote. Yalimtafuta anayepanda mlima wa utelezi bila kusimama na kufika mwisho gari likiwa zima. Shabiki yeyote wa Pearl of Africa Rally, rali ya Uganda, anaelewa maana yake: barabara ikilowa, gari jepesi linaloweza kufika lina thamani kuliko lenye nguvu linaloishia mtaroni.

Mwaka 1913 W. G. McMinnies alishinda na Morgan mbio za magari madogo mjini Amiens, Ufaransa, na maagizo yakamiminika. Baadaye Gwenda Hawkes, mwanamke aliyekuwa bingwa wa rekodi za mwendo, alizunguka uwanja wa Montlhéry karibu na Paris kwa zaidi ya kilomita 180 kwa saa juu ya Morgan ya magurudumu matatu. Ukifikiria matairi na breki za zama zile, hilo ni jambo la kuvulia kofia.

Siri ilikuwa uzito mdogo na mfumo wa springi za mbele ambao H.F.S. aliuweka tangu gari la kwanza. Tuueleze vizuri, kwa sababu ndio utakaokupa furaha na ndio utakaokula pesa zako. Kwenye gari la kawaida gurudumu la mbele hushikwa na mikono inayopanda na kushuka. Kwenye Morgan ya zamani kuna kingpini iliyosimama wima, imefungwa juu na chini kwenye fremu ya mbele. Kitovu cha gurudumu hupanda na kushuka juu ya kingpini hiyo kama pete kwenye fimbo, na ukikata usukani hugeuka juu ya kingpini hiyohiyo. Springi kubwa iko juu, springi ndogo ya kuzuia kurudi kwa nguvu iko chini. Vipande ni vichache na uzito ni mdogo, kwa hiyo gurudumu linajibu usukani papo hapo. Hasara yake ni safari fupi: likikuta shimo refu, springi inafika mwisho na pigo linaingia moja kwa moja kwenye fremu na kiunoni mwako.

Mfumo huo uliingia kwenye gari la kwanza la magurudumu manne, 4-4 la mwaka 1936, na miaka miwili baadaye Prudence Fawcett na Geoffrey White wakaliendesha mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, hadi mwisho. Baada ya vita ikaja Plus 4 ya mwaka 1950 yenye injini ya gari la Standard Vanguard, ya sentimita za ujazo 2,088. Wanaojua trekta za zamani watafurahi kusikia kuwa injini ya jamii hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye trekta ya Ferguson TE20. Silinda zake ni vikombe vinavyochomolewa, kwa hiyo fundi hubadilisha kikombe kilicholika bila kuchonga bloku yote. Kampuni ya magari ya Triumph ilichukua mtambo huo kwa ajili ya TR2 na TR3, na Morgan wakaupata kutoka kwao.

Hapo ndipo panapokuja ushindi ambao kila mmiliki wa Morgan anaujua kwa namba ya gari, TOK 258. Chris Lawrence, fundi wa injini na dereva, alilipeleka Le Mans mwaka 1961 wakaguzi wakalikataa kwa kuwa lilionekana la kizamani. Akarudi mwaka 1962 pamoja na Richard Shepherd-Barron. Gari lilikuwa Plus 4 yenye injini ya Triumph ya lita 2, kabureta mbili za Weber na bodi ya alumini iliyopunguzwa uzito. Walikuja nalo kutoka Uingereza wakiliendesha barabarani. Wakakimbia saa 24 kwa wastani wa kilomita 151 kwa saa hivi, wakashika nafasi ya 13 kati ya magari yote na ya kwanza kwenye daraja la lita 2, kisha wakaliendesha kurudi nyumbani. Mwaka 1999, dereva Charles Muhangi alipoiletea Uganda taji la ubingwa wa rali wa Afrika, wengi hapa walijifunza somo hilohilo kwa njia ya Subaru: taji huletwa na kumaliza hatua zote, mwaka mzima.

Yaliyofuata yapitiwe haraka. Mwana wa H.F.S., Peter, aliweka V8 ya Rover ya lita 3.5 mwaka 1968 na kuliita Plus 8. Mjukuu, Charles, akishirikiana na Chris Lawrence yuleyule, alilipeleka Plus 8 kwenye mbio za GT katikati ya miaka ya 1990, na chesisi ya alumini iliyobandikwa kwa gundi waliyojifunzia huko ikawa msingi wa Aero 8 ya mwaka 2000. Aero 8 ilirudi Le Mans 2002 na 2004 bila kufikia yale ya 1962. Mwaka 2019 kampuni ya uwekezaji ya Investindustrial ilinunua hisa nyingi, familia ikabaki na chache. Kwa hiyo anayekuuzia gari la 2020 kwa jina la "gari la familia" anasema nusu ya ukweli. Kazi bado inafanyika kwa mkono kwenye mabanda ya Pickersleigh Road, Malvern, lakini wenye uamuzi wa mwisho si akina Morgan tena.

Sasa gari lenyewe, na gari gani hasa linaweza kuingia. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 2018 inazuia kuingiza Uganda gari lililotimiza miaka 15 tangu liundwe. Maana yake Plus 4 za Triumph ni ndoto ya kutazama kwenye picha. Zilizobaki mezani ni Plus 4 za miaka ya mwisho zenye injini ya Ford Duratec ya lita 2, na Plus Four zenye injini ya BMW.

Plus 4 ya Duratec ina uzito chini ya tani moja, injini isiyo na turbo ya nguvu farasi 145 hadi 154 kulingana na mwaka, na kingpini zilezile za babu. Injini yake ni ya jamii moja na ile ya Mazda ya Atenza na Axela, na hiyo ni habari njema sana kwa Kampala. Plagi, sensa kadhaa na gasketi kadhaa unaweza kuzilinganisha namba kwenye soko la vipuri la Kisekka na kupata kinachokubali. Giaboksi ya yale ya mwisho ni ya Mazda MX-5. Usinunue kipuri kwa kuambiwa "ni ileile": peleka cha zamani mkononi, hesabu mashimo ya bolti, pima kipenyo.

Ukaguzi uanzie mbele. Weka jeki chini ya fremu, kamwe usiiweke chini ya boriti nyembamba, hadi magurudumu yote mawili yaelee. Shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta. Mchezo ukisikika, mwambie mwenzako akanyage breki kisha rudia. Ukiisha, tatizo lilikuwa bearingi. Ukibaki, bushi za kingpini zimelika. Kila upande una kingpini moja na bushi mbili za shaba nyeusi, juu na chini. Zikilika, usukani hutetemeka kwa mwendo wa kati na tairi hulika upande mmoja. Kinachozila ni vumbi letu jekundu: likichanganyika na grisi linakuwa dawa ya kusagia, na kingpini yenye kromu ngumu hupata mistari ndani ya msimu mmoja wa kiangazi.

Dawa yake ni grisi, na namna ya kuiweka ina kanuni. Magurudumu yawe yanaelea, vinginevyo uzito wa gari unabana upande mmoja na grisi inapita upande mwingine tu. Futa chuchu ya grisi kwa kitambaa kwanza, la sivyo unapiga vumbi ndani wewe mwenyewe. Piga hadi grisi mpya itokeze chini, geuza usukani mwisho hadi mwisho, piga tena. Kwa anayekaa kwenye lami, kila kilomita 2,000 inatosha. Kwa anayegusa barabara ya vumbi kila siku, kila 500 si nyingi, na avishe vifuniko vya mpira juu ya springi. Morgan za miaka mingi nyuma zilikuwa na kitufe karibu na pedali, ukikikanyaga mafuta ya injini yanateremka kwenye kingpini. Kilitakiwa kukanyagwa kila maili 200, yaani kilomita 320 hivi, injini ikiwa baridi. Kipindi hicho kilipangwa kwa lami ya Uingereza.

Kubadilisha bushi si kazi ya nyundo. Baada ya kuzisukuma ndani kwa mashine, bushi zote mbili lazima zisafishwe kwa rima (chuma cha kusawazishia tundu) moja ndefu inayopita zote kwa pamoja, ili zikae kwenye mstari mmoja. Kingpini iteremke kwa mkono, taratibu, bila kucheza. Akizisafisha moja moja, fundi anazipinda, na ndani ya wiki chache usukani unakuwa mzito kisha unalegea. Katwe, mtaa wa Kampala, wapo mafundi wa lathe wanaoweza hili vizuri kabisa wakielezwa. Waelezwe kabla hawajaanza.

Baada ya hapo, mbao. Watu wengi husema chesisi ya Morgan ni ya mbao, na si kweli. Chesisi ni ya chuma kwenye Plus 4 na ya alumini kwenye Plus Four. Mbao ni mifupa ya bodi, na hutoka kwenye mti wa eshi, mti wa Ulaya ambao nyuzi zake ni ndefu na haukatiki ovyo unapopigwa, ndiyo maana kule hutengenezea mipini ya mashoka na nyundo. Kwenye magurudumu ya nyuma, mbao nyembamba tatu hugandishwa kwa gundi na kukunjwa kuwa upinde. Kwa hali ya hewa ya Kampala, yenye mvua za Machi hadi Mei na tena za Septemba hadi Novemba, hatari ni unyevu unaokaa.

Fungua mlango, uinue kwa ncha za vidole. Ukicheza kwenye bawaba, ama skrubu zimelegea ama nguzo ya mbao imelainika. Kunja zulia, bonyeza kwa bisibisi butu ubao wa chini ya mlango, hasa pembe za nyuma ambako maji ya matairi hurushwa. Ubao mzima unarudisha, uliooza unaingia. Tazama pia unga mweupe laini kama wa sembe chini ya viti: hao ni bungua, na eshi ni chakula chao. Kiwanda kilianza kuzamisha mbao kwenye dawa tangu miaka ya 1980, lakini kila tundu jipya la skrubu linafungua mlango upya. Lipake dawa kabla ya skrubu kuingia.

Ubao wa chini ya mlango ukihitaji kubadilishwa hapa, Ndeeba, Kampala, kuna mvule mzuri. Mvule hauogopi maji wala bungua, na kwa kipande kilichonyooka unakubalika, ukitoboa kwanza kabla ya skrubu na kutumia skrubu za pua. Kwa upinde wa gurudumu usiutumie: nyuzi zake hupishana na haupendi kukunjwa. Agiza upinde uliokwisha kukunjwa kutoka Uingereza. Na mbao iwe imekauka, kwani ubao mbichi ukifungwa ndani ya bati la bodi utapinda na mlango hautafunga.

Rimu za spoku ni nzuri kwa macho na zinahitaji sikio. Gonga kila spoku kwa spana ndogo. Iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa mlio wa kufa. Tano zilizolegea zikifuatana, ondoa gurudumu usiendeshe. Wazibaji wa pancha wa kando ya barabara ni wepesi na wanajua kazi yao, ila simama hapo uone kwamba chuma cha kutolea tairi hakiegemei spoku.

Tukija kwenye Plus Four ya 2020, karibu kila kitu ni kipya ingawa sura ni ileile. Kingpini zimeondoka, na mikono miwili kila gurudumu imechukua nafasi yake mbele na nyuma. Chesisi ni ya alumini iliyobandikwa na kupigwa ribiti, mbao za eshi ziko juu yake bado. Injini ni BMW ya lita 2 yenye turbo, nguvu farasi 255, jamii moja na ya 330i. Giaboksi ni ya mkono ya gia 6 au ya otomatiki ya gia 8. Uzito mkavu ni zaidi kidogo ya kilo 1,000, na toleo la otomatiki hufika kilomita 100 kwa saa kwa chini ya sekunde 5.

Turbo ina faida kubwa kwetu ambayo mapitio ya Ulaya hayaitaji. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Duratec ya farasi 145 inabaki na kama 128 Kampala, na pungufu zaidi ukipanda Kabale. Injini ya BMW hujaza hewa yenyewe na tofauti huihisi kidogo sana. (Mwenye gari la kabureta, la aina yoyote, ajue pia kwamba huku juu linakula mafuta mengi kuliko hewa: plagi nyeusi yenye masizi maana yake weka jeti ndogo zaidi.) Iwekee petroli ya daraja la juu, kwa sababu turbo na petroli dhaifu husababisha injini kugonga, kompyuta inarudisha nguvu nyuma, na umelipia farasi usiowapata. Kinachoharibika kwenye injini hii ni plastiki: mabomba madogo ya maji ya kupoozea hukauka kwa joto na kupasuka, na gasketi ya nyumba ya filta ya oili huvuja. Jamu ya saa mbili kwenye jua ndiyo adui wake. Kagua kiwango cha maji kila wiki, injini ikiwa baridi, na usingoje taa.

Udhaifu halisi ni kimo. Gari liko chini, na ekzosi ndiyo ya kwanza kukutana na hampu, yaani tuta la barabarani. Plus Four uipitishe hampu kwa pembe, gurudumu moja baada ya jingine. Plus 4 ya chuma usiifanyie hivyo, kwa sababu chesisi yake hujipinda, na pembe za kila siku hufungua viungo vya mbao na kupasua rangi kwenye mabawa ya mbele. Hiyo ipite moja kwa moja, polepole kabisa. Kiwanda chenyewe kililijua tatizo hili: mwaka 2021 kilishirikiana na Rally Raid UK kuunda CX-T, Plus Four iliyoinuliwa hadi milimita 230 kutoka ardhini, yenye shokapu za rali na sahani za kulinda tumbo. Ziliundwa nane tu. Hilo ndilo gari ambalo Uganda ingelipenda, na tunaamini kiwanda kingepata wateja Afrika Mashariki kama kingeuza hata nusu ya vifaa vyake kama nyongeza ya kawaida.

Kuhusu kodi, piga hesabu hivi kabla ya kutuma pesa. Juu ya thamani ya gari pamoja na bima na usafirishaji, kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25. VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla hiyo, yaani asilimia 22.5 ya thamani ya mwanzo. Ongeza kodi ya zuio ya asilimia 6 na tozo ya miundombinu ya asilimia 1.5. Umefika asilimia 55 kabla ya usajili, na gari lililotumika likizeeka huongezwa tozo ya mazingira. Viwango hubadilika na bajeti ya Juni, kwa hiyo thibitisha na Mamlaka ya Mapato Uganda (URA) wiki unayonunua. Uzuri mmoja: Uingereza usukani uko kulia kama kwetu, huna cha kubadilisha.

Na vipuri viagize pamoja na gari, vipakiwe kwenye kontena moja. Kwa Plus 4: kingpini mbili, bushi nne, springi kuu mbili na ndogo mbili, spoku kumi, nati moja ya kati ya gurudumu na nyundo yake ya shaba. Kwa Plus Four: seti ya mabomba ya maji, gasketi ya nyumba ya filta, filta tatu za oili, kioo cha mbele na mpira wake. Kioo cha mbele cha Morgan hakifanani na cha gari lolote lililopo Kampala, na jiwe moja la lori kwenye barabara ya Masaka linatosha kulisimamisha gari hadi kingine kifike kwa ndege.